Sura ya Tano: Dripu ya Mbale

Ndalu iko Tongaren, kaskazini mwa Kaunti ya Bungoma, pale ambapo mashamba ya mahindi huvuka mpaka na kuingia Trans Nzoia bila mpita njia kujua kwamba amebadilisha kaunti. Kwa makaratasi watu wa Ndalu ni wa Bungoma. Kwa soko, kwa mbolea na kwa ugonjwa, wengi wao huenda Kitale, kwa kuwa Kitale ni karibu. Mtoto akizidiwa usiku, mzazi haulizi mpaka uko wapi. Anampigia simu kijana wa bodaboda. Mama hukaa katikati, mtoto amefungwa kwa leso kifuani na kufunikwa blanketi, na baba au jirani hukaa nyuma akiwashikilia. Mvua ikiwa imenyesha, barabara ya udongo huwashusha mwendo hadi ule wa mtu anayetembea kwa miguu.

Wakifika Kitale na hali ikionekana kupita uwezo wa pale, huandikiwa rufaa ya kwenda Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wengine hushuka upande wa pili, Webuye au Bungoma mjini, na mwisho wao pia hupelekwa Eldoret. Na ICU ikishatajwa, ndugu hufungua kundi la WhatsApp la mchango kabla hata hawajajua mgonjwa ana nini. Kwa wengi wetu ICU ni chumba cha mashine na gharama, ambacho mtu huingizwa watu wakiwa wameanza kumlilia.

Nataka kueleza kwa nini picha hiyo haitoshi. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyopita, Afrika Mashariki imetoa utafiti kuhusu wagonjwa mahututi ambao ulibadilisha vitabu vya udaktari duniani, na sehemu yake moja kubwa ilifanyika ng'ambo ya mlima tunaouona kutoka Ndalu asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Mbale iko upande ule wa Mlima Elgon, nchini Uganda. Wamasaba wa kule na Wabukusu wa huku ni ndugu wa lugha na wa tohara. Wanaoana na kuzikana. Lakini yale yaliyogunduliwa katika wodi ya watoto ya Mbale ni watu wachache sana wa upande huu wanaoyajua, na ni mambo yanayohusu maisha ya watoto wao moja kwa moja.

Kabla ya Mbale, inabidi tupitie Copenhagen. Agosti 1952 mji huo mkuu wa Denmark ulikuwa umekumbwa na polio ya aina iliyopooza misuli ya kupumua. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 31 wa kwanza wa namna hiyo walipolazwa, 27 walikufa. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, aliitwa atoe ushauri. Alisema koo litobolewe, mrija uingizwe kwenye njia ya hewa, na hewa isukumwe mapafuni kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Wa kwanza kutibiwa hivyo alikuwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Akapona. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu za kuminya mifuko hiyo mchana na usiku kwa miezi kadhaa. Vifo, ambavyo vilikuwa zaidi ya 8 kati ya kila wagonjwa 10, vikashuka chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua wodi maalumu ya wagonjwa wa aina hiyo, na huko ndiko ICU za dunia nzima zilikozaliwa.

Wanafunzi wale hawakuwa na mashine. Kila mgonjwa alikuwa na mtu kando ya kitanda chake, anayemtazama usoni na kumpumulisha. Mashine zilikuja baadaye ili kupumzisha mikono ya watu hao, na kwa namna fulani tukaishia kuamini kwamba mashine ndiyo iliyoponya.

Sasa twende Mbale.

Mtoto mwenye homa kali analetwa hospitali. Amelegea, anapumua kwa shida, hataki kunyonya. Muuguzi hushika kidole gumba cha mtoto na kubonyeza ukucha mpaka ugeuke mweupe, kisha huuachia na kuanza kuhesabu. Kwa mtoto mzima wekundu hurudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. Ukichukua sekunde 3 au zaidi, damu haifiki mwisho wa mwili kama inavyopaswa. Kisha muuguzi hupitisha kiganja chake kwenye mguu wa mtoto, kutoka unyayoni kupanda gotini, ili aone baridi inaishia wapi. Hutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Wakati mwingine anayapata, wakati mwingine yanakuwa membamba kiasi kwamba hana hakika. Kazi yote hiyo haimalizi dakika moja, na haihitaji umeme.

Mtoto wa namna hiyo afanyiwe nini? Ulaya na Marekani jibu lilikuwa limekaa miaka mingi bila kupingwa: mwekee dripu kubwa haraka, ijaze mishipa, moyo upate cha kusukuma. Miongozo ya kimataifa ilisema hivyo. Madaktari wetu walifundishwa hivyo. Jambo moja tu lilikuwa halijafanyika: hakuna aliyewahi kulipima kwa utafiti mkubwa, kwa kuwalinganisha waliopewa na wasiopewa.

Profesa Kathryn Maitland, aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania waliamua kulipima. Hawakuanza kwa nia ya kuipinga dripu. Tafiti ndogo za mwanzo kule Kilifi zilikuwa zimewapa matumaini. Mradi uliitwa FEAST. Ulianza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi kwetu Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, huko Muheza, Tanzania. Mbale kazi iliongozwa na Dkt. Peter Olupot-Olupot, Mulago na Profesa Sarah Kiguli, Soroti na Dkt. Charles Engoru, Muheza na Dkt. George Mtove. Nayataja majina haya kwa sababu utafiti huu mara nyingi husimuliwa kana kwamba ulitoka London.

Mzazi aliyefika na mtoto anayekufa hawezi kusomewa karatasi za idhini kwa nusu saa. Kwa hiyo wazazi waliombwa kukubali kwa maneno kwanza, matibabu yakaanza mara moja, na maelezo kamili pamoja na idhini ya maandishi vikafuata hali ilipotulia. Bahasha iliyofungwa, isiyoonyesha ndani, ilifunguliwa kuonyesha mtoto yuko kundi gani. Kundi la kwanza lilipewa dripu ya albumini, yaani protini ya damu, kwa haraka, la pili dripu ya maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa dripu ya haraka. Lilipewa maji ya kawaida ya polepole tu. Dripu ya haraka ilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa mtoto wa kilo 10, hiyo ni kama glasi moja au mbili za maji kuingia mshipani kwa muda mfupi. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: viuavijasumu, dawa ya malaria, oksijeni, damu kwa aliyepungukiwa, sukari kwa aliyeishiwa. Mashine za kupumulia hazikuwepo. Palipokuwa na haja, muuguzi aliminya mfuko kwa mkono, kama wale wanafunzi wa Copenhagen.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu iliamuru usajili wa watoto usimamishwe kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Ndani ya saa 48 za kulazwa, walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa dripu ya haraka. Watoto walikuwa 3,141. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliopewa tiba ambayo vitabu viliita ya kuokoa maisha, wapatao 3 zaidi walikufa.

Matokeo yalipochapishwa mwaka huo, madaktari wengi wa nchi tajiri hawakuyakubali. Wengine walisema ni malaria ndiyo iliyoharibu hesabu. Wengine wakasema ni upungufu wa damu, au kukosekana kwa mashine. Watafiti wakarudi kwenye takwimu. Madhara yalikuwa yale yale kwa wenye malaria na wasio na malaria, kwa waliopungukiwa damu na wasiopungukiwa, na katika hospitali zote. Mwaka 2013 wakachapisha uchambuzi wa namna watoto wale walivyokufa. Watu walikuwa wamedhani maji yalijaa mapafuni au yakavimbisha ubongo. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya vifo vya ziada ilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuzimika, mara nyingi saa kadhaa baada ya dripu, wakati mtoto alikuwa tayari ameonekana kupata nafuu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Daktari aliyempa dripu alimwona mtoto akichangamka, akaenda nyumbani akiwa na imani kwamba ametibu vizuri.

Shirika la Afya Duniani lilichukua muda kuyakubali haya. Mwongozo wake wa dharura za watoto wa 2016 ulipunguza sana matumizi ya dripu ya haraka kwa watoto wa aina hii, na miongozo ya Kenya ya kuwatibu watoto nayo ilibadilishwa. Hapa naomba msomaji asikie vizuri, kwa sababu habari hii ikifika kijijini nusu inaweza kuua. Utafiti wa FEAST haukuwahusu watoto wenye kuharisha sana, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia na kuvuja damu. Mtoto anayeharisha mpaka macho yamezama anahitaji maji, na anayahitaji haraka. Mwenye kuamua ni mhudumu wa afya aliyemshika na kumpima. Mzazi asikatae dripu kwa sababu ya sura hii.

Kuna jambo jingine ndani ya FEAST ambalo halitajwi sana, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Vifo vilikuwa vichache kuliko watafiti walivyotarajia, hata ikabidi waongeze idadi ya watoto waliopanga kuwasajili ili hesabu itoshe. Kwa nini vipungue? Wahudumu walikuwa wamefundishwa kupokea dharura na kuchagua nani aanze. Dawa na oksijeni zilikuwepo. Na kila mtoto alirudiwa na kupimwa kwa saa zilizopangwa: saa ya 1, ya 4, ya 8, ya 24 na ya 48. Hawakuletewa mashine za kupumulia. Naamini watoto wale waliishi zaidi kwa sababu mtu alirudi kitandani mwao saa ile aliyotakiwa kurudi.

Mbale haikuishia hapo. Utafiti mwingine, TRACT, uliochapishwa 2019 na uliohusisha Mbale, Soroti, Mulago na Malawi, uliuliza mtoto mwenye upungufu mkali wa damu aongezewe kiasi gani. Jibu lilitegemea kitu ambacho mama yeyote hukigundua kwa kiganja cha mkono: homa. Asiyekuwa na homa alifaidika na damu nyingi zaidi, mililita 30 kwa kilo, lakini mwenye homa aliumizwa na kiasi hicho hicho. Kwa nchi ambazo damu ya kuongezea ni haba kila siku, kujua hivyo ni kuokoa chupa ya mwingine.

Je, ni watoto tu? Lusaka, Zambia, Dkt. Ben Andrews na wenzake walifanya jaribio kwa watu wazima waliokuwa na maambukizi makali ya mwili na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kundi moja lilipewa dripu nyingi za mapema na dawa za kupandisha presha kwa utaratibu uliotoka Marekani. Jingine lilipewa matibabu ya kawaida ya hospitali ile. Matokeo yalichapishwa 2017: katika kundi la utaratibu mpya walikufa asilimia 48.1, katika lile la kawaida asilimia 33.0.

Kwa hiyo tiba inayofaa katika chumba chenye muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa na mashine ya kupumulia pembeni inaweza kuwa hatari pale ambapo hakuna wa kuona inapoanza kudhuru. Na hata huko kwenye mashine, utafiti umekuwa ukisema punguzeni nguvu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mashine ikisukuma hewa kidogo, mililita 6 kwa kilo badala ya 12, vifo vya wenye mapafu yaliyoharibika hushuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31.0. Mwaka 2013 Wafaransa wakaonyesha kwamba kumlaza mgonjwa wa namna hiyo kifudifudi kwa saa nyingi kila siku hupunguza vifo kwa nusu. Kumgeuza mgonjwa mwenye mirija kinywani na mishipani kunahitaji watu wanne au watano wenye mikono mitulivu. Kitanda hakijigeuzi.

Na tatizo la mashine lina sura nyingine, ambayo iligunduliwa Kigali. Kwa miaka mingi, ili mgonjwa ahesabiwe kuwa na ule uharibifu mkali wa mapafu, ilibidi awe kwenye mashine ya kupumulia na apimwe hewa ya damu ya ateri. Dkt. Elisabeth Riviello na wenzake wa Rwanda walichunguza kila mtu mzima aliyelazwa katika hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Kigali, watu 1,046, lakini wakatumia kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni na kipimo cha ultrasaundi badala ya vile vya gharama. Walipata wagonjwa 42. Nusu yao walikufa, na wengi wao hawakuwahi kufika ICU. Kwa kanuni za zamani, wagonjwa hao 42 wote wangehesabiwa kuwa hawana ugonjwa huo, yaani sufuri, kwa sababu tu hospitali haikuwa na mashine za kutosha. Kazi hiyo ilichapishwa 2016, na maelezo mapya ya ugonjwa huo yaliyokubaliwa kimataifa 2023 yaliingiza mawazo yake. Kigali iliwafundisha wakubwa kwamba mgonjwa anakuwa mahututi popote alipo, hata kwenye wodi ya kawaida.

Hilo limethibitishwa kwa bara zima. Utafiti uliotoka 2025 katika jarida la Lancet, ambao miongoni mwa walioufanya ni Dkt. Karima Khalid wa Muhimbili, uliingia katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kumpima kila mgonjwa mtu mzima aliyekuwa kitandani siku moja iliyochaguliwa. Wagonjwa walikuwa 19,872. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi, na karibu 7 kati ya 10 wa hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida. Ndani ya siku 7, mmoja kati ya watano wao alikuwa amekufa. Miongoni mwa wasio mahututi, waliokufa hawakufika 3 kati ya 100. Sasa tazama walichokuwa wakipewa. Kati ya walioshindwa kupumua vizuri, chini ya nusu ndio waliokuwa na oksijeni. Kati ya waliopoteza fahamu, takriban nusu ndio waliokuwa wamelazwa ubavu au kulindwa njia ya hewa kwa namna nyingine yoyote.

Kulaza mtu ubavu, jamani. Ili ulimi usizibe koo na matapishi yasiingie mapafuni. Hakuna kaunti iliyokosa fedha za kumgeuza mtu ubavu.

Usiku wodini mambo yako hivi, na aliyewahi kulala na mgonjwa katika hospitali zetu za umma ataitambua picha hii. Muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini, au zaidi. Saa mbili usiku anaanza kugawa dawa kitanda hadi kitanda, na akimaliza mzunguko mmoja karibu saa ya mzunguko mwingine imefika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni kimoja, kinahama na wodi ya pili. Mtungi wa oksijeni umesimama kwenye kona, ufunguo wake ameondoka nao mtu wa zamu ya mchana. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho anapumua mara 36 kwa dakika, lakini chati iliyoning'inia miguuni mwake inasema 20, kama inavyosema ya kila mtu, kwa sababu hakuna aliyepata dakika ya kukaa na kuhesabu. Alfajiri anakutwa amekwenda. Ndugu wanaambiwa angepata ICU angepona. Huenda. Lakini saa sita kabla ya hapo alihitaji mtu wa kuhesabu pumzi zake, mrija wa oksijeni puani na mto wa kumwinua kichwa.

Muhimbili, Dar es Salaam, walijaribu jambo hili la kupima na kuchukua hatua ndani ya ICU yenyewe, wakachapisha matokeo 2015. Dkt. Tim Baker na wenzake waliona kwamba hata pale, vipimo vilikuwa vikiandikwa bila kufuatwa na kitendo. Presha imeshuka hatarini, imeandikwa vizuri kwa kalamu, ukurasa umefunikwa. Wakaweka mipaka ya hatari kwenye chati na maagizo mafupi: kipimo kikivuka hapa, fanya hivi, muite fulani. Wauguzi wakafunzwa, na wakapewa ruhusa ya kuanza bila kumngojea daktari. Kwa wagonjwa wote kwa jumla tofauti ya vifo haikuonekana wazi. Lakini kwa walioingia presha ikiwa imeshuka, vifo vilitoka asilimia 92 hadi 69. Ni vingi bado, ndiyo. Ila kuna watu walitembea wakatoka Muhimbili kwa sababu ya mistari ya rangi kwenye karatasi na muuguzi aliyeaminiwa.

Kutoka kazi kama hizo lilizaliwa wazo ambalo mwaka 2021 wataalamu 269 wa nchi 59 walikubaliana juu yake: orodha ya huduma za msingi ambazo mgonjwa mahututi anastahili kuzipata katika hospitali yoyote na wodi yoyote. Walitaja matendo 40 na mahitaji 67 ya hospitali. Ukiyasoma utashangaa jinsi yalivyo ya kawaida: kupima na kurudia kupima, oksijeni, kufungua njia ya hewa, dripu kwa uangalifu, kumwita mwenzako akusaidie.

Kwetu Kenya fedha zilielekea kwingine. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango mkubwa wa kukodisha vifaa vya hospitali, vikiwemo vya ICU, na kaunti zikawa zinakatwa fedha kila mwaka kuvilipia, hata pale ambapo hapakuwa na wataalamu wa kuvitumia. Oktoba mwaka huo huo, mwanamume aliyegongwa na gari alizungushwa na ambulensi Nairobi kwa saa 18, hospitali hadi hospitali, akitafutiwa kitanda cha ICU. Alikufa. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Miaka mitano baadaye, Corona ilipoingia, watafiti wakiongozwa na Dkt. Edwine Barasa walihesabu vitanda vya ICU nchi nzima: 537, na mashine za kupumulia 256. Kaunti 22 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa na walau ICU moja.

Vitanda hivyo viongezwe. Simpingi anayevidai. Aliyepasuka kichwa kwa ajali ya bodaboda kati ya Kitale na Webuye anahitaji upasuaji na mashine, na hakuna mto wa kumwinua utakaochukua nafasi ya vitu hivyo. Lakini Eldoret kwenyewe, utafiti wa ICU ya hospitali ya Moi uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya walioingia hawakutoka hai. Sababu ni nyingi, na naamini kubwa mojawapo ni kwamba wagonjwa hufikishwa pale wakiwa wamechelewa, baada ya kupita vituo ambako hakuna aliyewapa oksijeni wala kuwalaza ubavu. ICU nzuri ya Eldoret inaanzia kituo cha afya cha Ndalu.

Oksijeni haishindikani. Huko Papua New Guinea, nchi ya milima na barabara mbovu kama zetu, hospitali tano zilipopewa vipimo vya kidoleni na mashine ndogo za kuvuta oksijeni kutoka hewani, vifo vya watoto kwa nimonia vilipungua kwa asilimia 35. Hapa kwetu, mwaka 2014 Dkt. Bernard Olayo na wenzake walianzisha Hewa Tele na kujenga kiwanda cha oksijeni katika hospitali ya Siaya, mitungi ikapelekwa hospitali za jirani badala ya kungojewa kutoka mbali. Siaya si tajiri kuliko Bungoma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Ndalu, Naitiri, Kiminini au popote kilipo kitabu hiki, kaunti inapoitisha kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, nenda, na uende na maswali. Kituo chetu kina kipimo cha kidoleni, na betri zake? Oksijeni ipo usiku, na ufunguo uko kwa nani? Wodi ya watoto ina wauguzi wangapi kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi? Ambulensi ina mtu aliyefunzwa, au dereva peke yake? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili mwakani muulize tena. Na siku utakapomlaza mtu wako wodini, msogelee muuguzi kwa heshima, kwa kuwa naye amechoka, umuulize: vipimo vyake vimechukuliwa saa ngapi, vimesema nini, na vitachukuliwa tena saa ngapi?